Yusufu Aliagiza Kuhusu Mifupa Yake

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 2:7; Mwanzo 50:24-26; Yohana 9:1-3; Matendo 5:1-4; 1 Wakorintho 15:35-44; Wagalatia 4:13-15; Waebrania 11:22.

Sabato moja ya mwezi wa saba nilikuwa Kaliua kwa kazi ya idara ya elimu, nikaketi na darasa la wazee chini ya mwembe. Somo lilikuwa juu ya hali ya wafu. Tulikuwa tumefika Mhubiri 9:5, na kila mtu alikuwa akiitikia bila shida, maana hilo ni fundisho ambalo mtoto wa Kiadventista hulishika kabla hajajua kusoma. Ndipo mzee mmoja aliyeketi mwisho wa benchi akaomba nafasi.

Mzee huyu amelima tumbaku tangu ujana wake. Jicho lake la kulia halioni kabisa, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwa mwanzi. Ni presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma. Baba yake alikufa haoni. Dada yake mkubwa vilevile.

Akauliza: "Mwalimu, kama wafu hawajui neno lolote, basi siku nikilala haya macho hayatanifaa kitu. Je, ni dhambi nikiwaachia madaktari wayapasue, waone ni nini kinachoua macho ya ukoo wetu?"

Darasa likanyamaza. Mama mmoja akasema, "Mungu apishe mbali." Mwana wa kwanza wa yule mzee, ambaye ni shemasi, akainamisha kichwa. Kengele ya kufunga madarasa ikalia, na nakiri kwamba niliifurahia kengele ile. Nimekaa na swali hilo kwa miezi kadhaa. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nawaletea ninyi mliozoea kujadiliana, mnisaidie.

Kwanza tuelewe alichouliza, maana wengi darasani walidhani anazungumzia jambo jingine. Liko tendo la kuwapa walio hai konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Daktari Eduard Zirm alilifanya kwa mafanikio mwaka 1905 katika mji wa Olomouc, ulio leo katika nchi ya Cheki, na tangu hapo watu wengi wamerudishiwa kuona kwa kioo cha mtu aliyekufa. Hapa kwetu Afrika Mashariki upandikizaji huo unafanyika, lakini kwa miaka mingi konea hizo zimetoka kwa sehemu kubwa ng'ambo, ingawa Waethiopia walianzisha benki yao ya macho Addis Ababa mwaka 2003. Hilo nalo ni la kutafakari: Mtanzania anayeona leo kwa konea ya kupandikizwa huenda anaona kwa sababu familia fulani ya mbali, katika siku ya msiba wao, ilisema ndiyo.

Lakini mzee wetu hakuuliza juu ya konea. Glakoma haiharibu kioo cha mbele. Inaua mshipa wa fahamu ulio nyuma, unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo, na mshipa huo hakuna anayeweza kuupandikiza. Anachotaka yeye ni macho yake yachunguzwe. Hakuna mtu atakayeona kesho yake kwa sababu ya zawadi hiyo. Pengine hata baada ya miaka 20 hakuna atakayeweza kuonyesha kwa kidole na kusema, "Huyu anaona kwa ajili ya mzee wa Kaliua."

Kwa nini basi watafiti wayatake macho ya watu? Kwa sababu sehemu ya nyuma ya jicho haikatwi kwa mtu aliye hai, ukiikata umempofusha. Na mnyama hatoshi. Panya, ambaye ndiye anayetumiwa sana katika maabara, hana ile sehemu ndogo ya katikati ya retina ambayo kwayo sisi husoma na kutambua sura za watu. Tena glakoma huwashika watu wa asili ya Afrika zaidi, na mapema zaidi. Uchunguzi uliofanyika vijijini Kongwa, mkoa wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliikuta kwa watu wapatao 4 katika kila 100 waliovuka miaka 40. Haiumi. Mtu hujikwaa kwenye kigoda cha mkewe, hucheka, na anapofika hospitali nusu ya uwezo wake wa kuona imekwenda, wala hairudi.

(Niseme hapa hapa, nisije nikasahau: kabla hatujafika kwenye macho ya wafu, ndugu wa damu wa mtu mwenye glakoma waende wapimwe. Dawa za matone na upasuaji huweza kuuzuia ugonjwa usiendelee. Nilimwambia shemasi hivyo siku ileile. Ana miaka 46.)

Kuna utoaji mwingine ulio karibu nasi zaidi. Mkoani Kilimanjaro watafiti wa KCMC na wenzao wa Uingereza waliwaomba watu wenye makovu ya vikope, yaani trakoma, watoe kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya kope. Walitaka kujua kwa nini kovu huendelea kukaza na kugeuza kope kwa watu wazima, hata pale vipimo visipomwona tena yule mdudu aliyeuanzisha ugonjwa. Waliotoa vipande hivyo walikuwa watu kama sisi, na wengi wao walikuwa wameshaumizwa. Walitoa ili jambo lijulikane.

Sasa Maandiko. Soma Mwanzo 2:7. Mtu hakupewa nafsi ikawekwa ndani yake kama maji ndani ya mtungi. Mavumbi pamoja na pumzi ya Mungu ndivyo vilivyomfanya mtu kuwa nafsi hai. Pumzi ikiondoka, hakuna sehemu ya marehemu iliyobaki ikijificha mahali fulani, iwe moyoni au machoni, ikitazama tunayoyafanya.

Nayakazia haya kwa sababu ya jambo lililotangazwa mwaka 2022 na watafiti wa Marekani. Walichukua macho yaliyotolewa na familia za marehemu muda mfupi sana baada ya kifo, wakaweza kuzifanya chembe za retina ziitikie mwanga hata saa tano baada ya mtu kufa. Nilipomsimulia mchungaji mmoja rafiki yangu alishtuka: "Maana yake marehemu anaona?" Hapana. Anayeona ni mtu, jicho peke yake haliwezi. Chembe ikiitikia mwanga ni kama ukuni ulioondolewa jikoni: bado una moto, lakini hakuna anayepika. Wale wanaofundisha kwamba marehemu yu hai mahali fulani akitutazama wana mzigo mzito kueleza jambo kama hilo. Sisi, kwa neema ya Mungu, hatuna. Ila tusijisifu haraka, maana msibani nimewaona Waadventista wengi wakiufunika uso wa marehemu kwa hofu ileile ya majirani zao.

Lakini je, siku ya ufufuo? Mama yule aliyesema "Mungu apishe mbali" alinieleza baadaye alichokuwa nacho moyoni: parapanda ikilia, mzee atatoka kaburini bila macho, naye alikuwa akingoja siku hiyo ili aone.

Nilimjibu kwa habari ya njia inayopita karibu na kwetu. David Livingstone alikufa mwezi wa Mei mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakautoa moyo wake na viungo vya ndani, wakavizika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma maneno ya mazishi. Mwili wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa gome la mti, wakaubeba. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, hapa Tabora, wakamkuta Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa. Mbele kidogo ya Tabora wakazuiwa na wenyeji wasiotaka maiti ipite katika nchi yao; nao wakatengeneza mzigo wa uongo, wakawatuma watu warudi nao kama wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa nguo. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili ukazikwa London.

Basi moyo wa Livingstone uko Zambia na mifupa yake iko Uingereza. Nilimwuliza mama, "Je, Bwana atashindwa?" Akacheka. Soma 1 Wakorintho 15:35-44: Paulo anafananisha mwili na mbegu, na anasema wazi kwamba kinachopandwa si ule mwili utakaokuwa. Bahari itawatoa wafu wake, na wako mashahidi wa imani waliochomwa wakawa majivu. Yeye anayetuumba upya hategemei akiba ya mavumbi yetu. Yule mzee atafufuliwa na macho mawili, wala hayatakuwa haya yenye glakoma.

Kwa hiyo kama swali lilikuwa la theolojia tu, limekwisha, na ningeweza kuishia hapa. Lakini naijua Kaliua. Kinachowazuia watu si 1 Wakorintho 15.

Katika mikoa yetu hii ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa, ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, wakaitwa wachawi, kumbe wamepika maisha yao yote kwenye moshi wa kuni. Katika nchi ya namna hiyo, ukisema "madaktari watayachukua macho ya baba," mtu hasikii neno utafiti. Anasikia biashara. Wala hofu hiyo si ya ujinga mtupu. Wakati wa ukoloni wa Wajerumani mafuvu ya watu wetu yalipelekwa Ulaya kwa jina la sayansi. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya DNA vimewapata ndugu walio hai, hapa Tanzania, wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalikuwa bado yamehifadhiwa huko. Hakuna aliyewauliza wenyewe wala jamaa zao.

Nami ninalo la kwetu. Miaka mingi iliyopita mama yangu mdogo alitolewa jicho lenye uvimbe katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulipokwenda kumchukua, bibi yangu aliuliza jicho liko wapi ili tukalizike nyumbani. Muuguzi akasema limepelekwa maabara. Bibi akauliza litarudi lini. Muuguzi akacheka. Labda hakucheka kwa ubaya. Alikuwa kijana na alichoka. Labda jicho lile lilikwenda kupimwa ili madaktari wajue ule uvimbe ni wa namna gani, jambo lililo sahihi kabisa. Lakini hakuna aliyetueleza kitu. Miaka michache baadaye mtoto wa jicho alimshika bibi, ugonjwa ambao upasuaji mfupi ungeuondoa. Alikataa kwenda hospitali yoyote. Aliishi miaka tisa gizani, nami ndiye niliyekuwa nikimwongoza kwenda kanisani.

Ndiyo sababu naona kwamba swali zito halipo kwenye kupasuliwa kwa jicho. Jicho lilelile, kisu kilekile, maabara ileile: mahali pengine ni sadaka, mahali pengine ni wizi. Kinachotofautisha ni kama mwenyewe alitoa.

Soma Wagalatia 4:13-15. Kwa nini Paulo aliyataja macho, na si mali yao au nyumba zao? Wengine hudhani alikuwa mgonjwa wa macho. Iwe hivyo au isiwe, anawakumbusha jinsi walivyokuwa tayari kung'oa macho yao wampe. Wao ndio waliokuwa tayari. Paulo hakuomba, wala hakuchukua. Katika Matendo 5 Petro anamkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha ilikuwa katika uwezo wake. Hata pale kanisa lilipokuwa na uhitaji mkubwa, halikuwa na haki juu ya kitu ambacho mtu hajakitoa. Kama kanisa la mitume halikuwa na haki hiyo, hospitali haina, wala chuo kikuu, hata kama kina nia njema.

Ndugu mmoja alinipinga hapa, na hoja yake ni nzuri. Alisema: "Mwili si mali yetu, ni hekalu la Roho Mtakatifu, tumenunuliwa kwa thamani. Utatoaje kisicho chako?" Nimelifikiri sana. Lakini nguvu zetu pia si zetu, wala muda wetu, wala fedha zetu, na hivyo vyote tunaambiwa tuvitoe. Wakili ambaye hawezi kutoa chochote kwa sababu si mali yake ni yule aliyefukia talanta. Hekalu linatuzuia tusiuharibu mwili. Halituambii tuufiche udongoni usimfae mtu.

Ndipo nikarudi kwa Yusufu. Mtu huyu aliamini ahadi ya Mungu, na bado hakusema, "Nikifa fanyeni mnavyotaka." Aliagiza habari za mifupa yake. Tena aliwaapisha ndugu zake, maana alijua kwamba maiti haiwezi kujitetea. Watakaobaki ndio watakaotimiza au kuvunja. Waebrania 11:22, katika maisha yake yote yenye njozi na ufalme na njaa, inachagua agizo hilo kuwa ndilo tendo la imani la kukumbukwa. Nafikiri hii ndiyo sehemu ambayo makanisa yetu hayajaifundisha. Tunafundisha juu ya kifo na juu ya ufufuo, lakini hatuwafundishi wazee wetu kuagiza wala watoto wao kuapa. Matokeo yake maamuzi hufanywa usiku wa msiba, katikati ya kilio, na yule ndugu mwenye sauti kubwa zaidi.

Baada ya miezi mitatu nilirudi Kaliua. Nikamkuta mzee nyumbani pamoja na wanawe watatu na mzee wa kanisa. Shemasi alikuwa ameshapimwa: presha yake ya macho iko juu, ameanza matone.

Akasema, "Baba, shikamoo yako naiheshimu. Lakini watu wataniuliza nimeuza macho yako kwa kiasi gani."

Mzee akamjibu, "Na sasa wanakuuliza nini? Posa za binti zako mbili zimevunjika. Wanasema ukoo wetu una laana ya macho. Hata wanafunzi wa Yesu walimwona asiyeona, jambo la kwanza wakatafuta ni nani aliyetenda dhambi. Mimi nataka mtu afungue aone kwamba ni ugonjwa."

Tulikaa mpaka jioni tukiandika. Niliwaambia ukweli: macho huharibika haraka, huhesabiwa kwa saa, na Kaliua iko zaidi ya kilometa 100 magharibi ya Tabora. Akifia nyumbani, zawadi hiyo haitawezekana. Kwa hiyo karatasi inasema kwamba akifia nyumbani azikwe kama alivyo. Akifia katika hospitali kubwa yenye wataalamu wa macho, wanawe waulize kama upo utafiti wenye kibali cha NIMR. Kama upo, macho yapokelewe, familia ielezwe yatatumikaje, na kusiwe na fedha yoyote mkononi mwa mtu yeyote. Kama haupo, wasihangaike. Mzee aliongeza sharti moja ambalo mimi nisingelifikiria: matokeo yakijulikana, mtu aje ayaeleze kanisani, kwa Kiswahili.

Alitia kidole gumba. Wana wawili wadogo wakatia sahihi. Shemasi aliishika kalamu kwa muda, kisha akaomba apewe mpaka robo ijayo, kwanza azungumze na shangazi zake. Mzee hakumlazimisha. Karatasi ameiweka ndani ya Biblia yake, kwenye Waebrania 11, na nafasi ya jina la nne ingali wazi.